Siku na Usiku Arua: Hukumu za Safari ya Kujiburudisha

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Mitihani ikiisha, wengi wetu tunaotoka Koboko huwa na mpango mmoja: kuchanga nauli, kufika Arua asubuhi, kutembea mjini mchana kutwa, kula vizuri, kutazama mpira, kulala huko na kurudi kesho yake. Tangu Julai 1, 2020 Arua ni jiji, na jiji lina mambo yake. Maswali mawili hujitokeza kila mara. Je, inajuzu Mwislamu kusafiri kwa ajili ya starehe tu? Na akisafiri, anapunguza swala? Naanza na la pili, maana ndilo linalokosewa zaidi.

Imamu Bukhari, katika mlango wa masafa ya kupunguza swala, ametaja kwamba Mtume (s.a.w.) aliuita mchana na usiku mmoja "safari". Anaashiria Hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) kuhusu mwanamke kusafiri bila maharimu. Basi baadhi ya ndugu wameishika hapo: sisi tunakwenda Arua mchana na usiku, kwa hiyo ni wasafiri, Adhuhuri ni rakaa mbili. Hapa pamechanganywa vitu viwili. Mchana na usiku unaokusudiwa ni muda wa mwendo, wa mtu anayekwenda kwa miguu au na ngamia mwenye mizigo. Si muda wa kukaa mjini. Katika mlango huohuo Bukhari ametaja kwamba Ibn Umar na Ibn Abbas (r.a.) walikuwa wakipunguza kwa burudi nne, yaani farsakhi 16. Kila farsakhi ni maili tatu za zamani, zinakuwa 48. Wanazuoni wa leo wakipiga hesabu hupata kama kilomita 80, wengine pungufu kidogo, wengine zaidi. Huo ndio msimamo wa Maliki, Shafi na Hanbali. Mahanafi wameweka mwendo wa siku tatu.

Sasa tuitazame barabara yetu. Lami inayoanzia Vurra mpakani na Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani na Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92 hivi. Anayeikata yote kutoka mwisho hadi mwisho amefikia masafa. Lakini kutoka Koboko hadi Arua ni kama kilomita 55 tu, na kwenda na kurudi hakujumlishwi. Kwa hiyo kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, Adhuhuri ya Arua ni rakaa nne, Alasiri nne, na kila moja kwa wakati wake.

Ipo rai ya Ibn Taymiyya (r.a.) kwamba sharia haikuweka kilomita, na kwamba safari ni kile ambacho watu kwa desturi yao wanakiita safari, kama vile kubeba masurufu. Ni rai yenye uzito. Lakini muulize mama wa Koboko anayetoka asubuhi kununua bidhaa Arua na jioni yuko nyumbani anapika: je, alisafiri? Atakucheka. Naona hata kwa rai hiyo ni vigumu kuipata rukhsa. Isitoshe, ukiingia msikitini Arua ukaswali nyuma ya imamu mkaazi, jumhuri ya wanazuoni wanasema unakamilisha nne pamoja naye, msafiri usiwe msafiri. Anayeswali jamaa ameshamaliza mjadala.

Kampala ni habari nyingine. Ni karibu kilomita 500. Ukifika Pakwach kwenye daraja la Nile umeshapita mia moja. Hapo unapunguza, tangu unapoziacha nyumba za mji wako, na ukiwa Kampala kwa siku zisizofika nne, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka.

Kwa Mashafi kuna jambo la ziada, nalo ni nia. Wanatofautisha aliyeasi *kwa* safari yake na aliyeasi *ndani ya* safari yake. Wa kwanza ametoka nyumbani akikusudia pombe na zinaa. Huyo hana rukhsa. Wa pili ametoka kwa jambo la halali akateleza njiani. Dhambi ni yake, ila rukhsa inabaki. Mahanafi wamewapa wote wawili.

Je, starehe yenyewe ni jambo la halali? Ndiyo. Hanzala (r.a.) alipolalamika kwamba akiwa na mkewe na watoto moyo wake haubaki kama ulivyo mbele ya Mtume (s.a.w.), alijibiwa kwamba mambo ni saa kwa saa (Muslim). Bibi Aisha (r.a.) aliwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, Mtume (s.a.w.) akimsitiri. Kwa hiyo kutembea msitu wa Barifa, kula nyama choma ya halali au kwenda uwanjani hakuhitaji kuombewa msamaha. Kinachokatazwa ni israfu (A'raf, 31).

Ila pesa ni ya nani? Hapa ndugu zangu tusipite haraka. Wanazuoni wa Kishafi wametoa mfano mzuri: mtu akikupa dirhamu akasema, "Nunua kilemba," tunaangalia. Kama alikusudia kweli ufunike kichwa, kwa kuwa amekuona kichwa wazi, huna ruhusa ya kuitumia kwa kingine. Kama alisema tu kwa mazoea ya ukarimu, ni yako, fanya utakavyo. Sasa baba ameuza mbuzi, akatuma pesa akisema ni ya ada. Hakuna mwenye shaka alikusudia nini. Kuikata shilingi 50,000 ya wikendi Arua, hata kwa nia ya kuirudisha, ni kutumia kisichokuwa chako. Shangazi aliyekupa noti siku ya Idi akasema "kanywe soda" ni mfano wa pili, na hiyo kula kwa raha.

Kwa dada zetu: Mashafi wamemruhusu mwanamke kwenda Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu, lakini safari ya matembezi hawakuipa ruhusa hiyo. Najua si jibu wanalolipenda wengi. Njia nyepesi ni kumwomba kaka au mjomba, na gharama zake mzigawane.

Usiku nao una hukumu zake. Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake (Bukhari), na Nawawi ametaja kwamba elimu, mgeni na mazungumzo na familia hayamo katika karaha hiyo. Sababu iliyotajwa ni kuhofia Alfajiri. Aliyelala mapema akapitiwa hana dhambi. Ataswali pindi akiamka. Aliyekesha hadi saa tisa akijua haamki, na wala hakumwagiza mwenzake amwamshe, udhuru wake si kama wa yule. Mkichukua chumba, chukueni karibu na msikiti, na mpangane zamu ya kuamshana.

Wallahu a'lam.