Kupunguza vitu nyumbani bila kukata tamaa

Masika yakikaribia, wengi wetu huanza kusafisha nyumba Jumamosi asubuhi, na kufikia adhuhuri vitu vyote viko sebuleni na nguvu zimekwisha. Usianze na nyumba nzima. Anza nje, nyuma ya jikoni, ambako kazi huonekana haraka na ndiko hatari iliko.

Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hutaga mayai ndani ya vyombo vinavyoshika maji: tairi kuukuu, makopo, ndoo iliyovunjika, hata kifuniko cha chupa. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, kisha huanguliwa maji yanapoyafikia. Kutoka yai hadi mbu mzima ni takriban siku 7 hadi 10. Mombasa ilikumbwa na dengi mwaka wa 2013.

Kwa hivyo tenga dakika 20 kila wiki, siku ileile, kwa sehemu moja tu. Muda ukiisha, acha, hata kama bado una hamu. Hamu hiyo ndiyo itakayokurudisha wiki ijayo.

Vigumu zaidi ni vitu vya "huenda nikavihitaji". Mimi nilitunza katoni ya chaja za simu nisizokuwa nazo tena. Kitu cha mwenzako usikitupe kabla ya kumuuliza; ugomvi huvunja moyo kuliko uchovu.

Taka zinazooza zitenge na nyingine, kama inavyotaka Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Mtungi unaobaki usugue ndani, maana kumwaga maji pekee hakuondoi mayai. Na tairi unalobakiza la kupandia maua, litoboe chini.