Kupima Upumuaji wa Mitokondria: Maswali na Majibu kwa Wanaoanza Kazi Maabara

Wanafunzi wa uzamili na mafundi sanifu wanaoanza kupima upumuaji wa mitokondria hukutana na mambo mawili kwa mpigo: kifaa kinachodai uangalifu mkubwa, na majina mengi ambayo kila kitabu huyatumia kivyake. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa mara nyingi na wageni wa kazi hii. Msimamo wangu nautoa mapema: namba ya oksijeni isiyosema ilipimwa katika hali gani, kwa malighafi gani na kwa sampuli kiasi gani, haifai kulinganishwa na namba nyingine yoyote.

Tunaposema tunapima upumuaji wa mitokondria, tunapima nini hasa?

Tunapima kasi ya oksijeni kupungua. Chakula kikishavunjwavunjwa ndani ya seli, elektroni zake hupokelewa na mnyororo wa protini kubwa zilizopachikwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Protini hizo huitwa kompleksi ya I hadi ya IV. Elektroni huishia kwenye kompleksi ya IV, ambayo huzikabidhi kwa oksijeni, na maji yakapatikana. Wakati elektroni zikisafiri, kompleksi ya I, ya III na ya IV husukuma protoni zivuke utando. Protoni hizo zikirudi kupitia kimeng'enya kiitwacho ATP sinthesi, ATP hutengenezwa. Mwingereza Peter Mitchell alilitoa wazo hili mwaka 1961, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Fahamu basi kwamba kipimo cha oksijeni hakionyeshi ATP moja kwa moja. Mitokondria zinaweza kutumia oksijeni kwa kasi kubwa bila kutengeneza ATP hata chembe. Ndiyo sababu hali ya kipimo lazima itajwe.

Vitabu vingine vinaandika "hali ya 3" na "hali ya 4", vingine LEAK na OXPHOS. Nifuate vipi?

Mfumo wa namba waliuweka Britton Chance na G. R. Williams nchini Marekani mwaka 1955. Walizipa hali namba kwa kufuata mpangilio wa jaribio lao. Hali ya 1 ni mitokondria peke yake ndani ya bafa. Hali ya 2, ADP imetiwa lakini malighafi ya kuunguza imekosekana. Hali ya 3, malighafi na ADP vyote vipo tele. Hali ya 4, ADP imekwisha kwa kugeuzwa ATP. Hali ya 5, oksijeni yenyewe imekwisha.

Ugumu umeingia kwa sababu siku hizi wengi hutia malighafi kwanza, ADP baadaye, na ile hatua ya kabla ya ADP nao wanaiita hali ya 2. Maabara mbili zinaweza kuandika jina moja zikiwa zimepima vitu viwili tofauti kabisa.

Mwaka 2020 kundi la MitoEAGLE, lililowaunganisha mamia ya watafiti wakiongozwa na Erich Gnaiger wa Innsbruck, Austria, lilichapisha mapendekezo ya majina yanayotaja kinachotendeka badala ya zamu ya kutia kemikali. Ili kuyaelewa, fikiria bwawa la umeme linalojazwa kwa pampu. Pampu ni mnyororo wa elektroni, maji yaliyozuiliwa ni protoni, turbini ni ATP sinthesi. OXPHOS ni pale turbini zinapozunguka kwa uwezo wote kwa kuwa ADP ipo ya kutosha. LEAK ni pale turbini zimefungwa, na pampu inafidia tu maji yanayovuja ukutani. ET ni pale malango ya dharura yamefunguliwa kwa kemikali kama FCCP, pampu ikafanya kazi hadi kikomo chake. ROX ni oksijeni inayoendelea kutumika baada ya pampu kuzimwa, kwa sababu seli ina vimeng'enya vingine vinavyoitumia.

Ushauri wangu: tumia majina haya ya kutaja kitendo, na unaposoma makala za zamani, rudi kwenye sehemu ya mbinu uone ni kemikali gani ilitiwa kabla ya gani.

Nichague kifaa gani?

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Otto Warburg alitumia manometa, akipima mabadiliko ya shinikizo la gesi ndani ya chupa yenye vipande vya tishu. Alipata Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji. Miaka ya 1950 Leland Clark wa Marekani akaleta elektrodi ya oksijeni: kathodi ya platinamu na anodi ya fedha ndani ya mmumunyo wa kloridi ya potasiamu, vikitenganishwa na sampuli kwa utando mwembamba wa plastiki. Oksijeni hupenya utando, na mkondo wa umeme unaopatikana huenda sambamba na kiasi chake.

Elektrodi ya Clark ya kawaida bado inafaa, hasa kwa kufundishia. Vifaa kama O2k vinatumia kanuni hiyo hiyo, lakini vyumba vyake vimefungwa vizuri zaidi, na oksijeni kutoka nje haiingii kwa urahisi. Hapo unaweza kufuatilia sampuli ndogo kwa muda mrefu na kutia kemikali nyingi moja baada ya nyingine. Seahorse XF hutumia vihisi vya mwanga, na hupima seli zilizoshikamana na sahani ya vishimo 24 au 96. Ukitaka kulinganisha dozi nyingi za dawa kwa siku moja, hiyo ndiyo yako. Lakini nafasi za kutia kemikali katika kila kishimo ni chache. Swali la utafiti ndilo lichague kifaa.

Na sampuli? Nitenge mitokondria au nitumie seli nzima?

Kila njia ina faida na gharama zake. Kutenga mitokondria kunataka tishu isagwe taratibu juu ya barafu ndani ya bafa ya sukari, kisha izungushwe kwenye sentrifuji mara mbili: kasi ndogo ili viini vya seli na mabaki yatuame, halafu kasi kubwa ili mitokondria zenyewe zituame. Unapata sampuli safi, ila unapoteza mitokondria nyingi njiani, na huenda zilizopotea ndizo zilizokuwa dhaifu.

Seli nzima zinaonyesha upumuaji wa kawaida wa seli iliyo hai. Lakini ADP na saksineti hazivuki utando wa nje wa seli kirahisi, kwa hiyo huwezi kuzitia na kutazama kompleksi moja moja. Njia ya kati ni kuutoboa utando huo kwa dijitonini au saponini, ambazo hushika kolesteroli. Utando wa mitokondria una kolesteroli kidogo sana, hivyo dozi sahihi huuacha salama. Dozi hiyo lazima uitafute kwa kila aina ya seli.

Usalama wa mitokondria unapimwa kwa saitokromu c. Itie baada ya ADP. Kasi ikipanda sana, utando wa nje wa mitokondria umechanika na saitokromu c ya asili imetoka. Sampuli hiyo usiitumie kutolea hitimisho.

Kemikali hufuatana vipi siku ya kipimo?

Kwa seli nzima, mfuatano uliozoeleka ni huu. Kwanza kasi ya kawaida bila kutia kitu. Kisha oligomaisini inaifunga ATP sinthesi, nawe unapata LEAK. Halafu FCCP kidogo kidogo hadi kasi ifike kileleni, hiyo ni ET. Mwisho rotenoni na antimaisini A zinafunga kompleksi ya I na ya III, inabaki ROX. Thamani ya ROX huondolewa kwenye hali zote zilizotangulia. FCCP isitiwe kwa pupa, maana ikizidi hupunguza kasi, na utadhani mnyororo ni mbovu kumbe umeuumiza mwenyewe.

Kwa seli zilizotobolewa, anza na piruveti na maleti, ambazo hulisha kompleksi ya I, kisha ADP, saitokromu c, halafu saksineti inayolisha kompleksi ya II. Baada ya FCCP tia rotenoni: kasi inayobaki ni ya njia ya saksineti.

Rotenoni si ngeni kwetu. Imo katika jamii ya sumu zinazopatikana kwenye utupa, mmea ambao majani yake hupondwa na kutumiwa kuvulia samaki. Sumu zake huifunga kompleksi ya I ya samaki kama inavyofungwa ndani ya chumba cha kipimo. Ishughulikie kwa glavu, na kumbuka kwamba pamoja na antimaisini hunata kwenye kuta na vizibo. Usiposuuza chumba kwa ethanoli mara kadhaa, jaribio linalofuata litaanza na kizuizi usichokijua.

Kwa nini maabara ya Nairobi na ya Dar es Salaam zisitumie namba moja ya kusawazishia kifaa?

Kwa sababu ya shinikizo la hewa. Kifaa husawazishwa kwa mmumunyo ulioshiba hewa, halafu kwa mmumunyo usio na oksijeni, unaopatikana kwa kutia dithionaiti. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na shinikizo ni kilopaskali 101 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na shinikizo ni kama kilopaskali 83. Toa kilopaskali 6.3 za mvuke wa maji kwenye nyuzi 37, kisha zidisha kwa 0.21, sehemu ya oksijeni hewani, upate shinikizo la oksijeni, ambalo ndilo huamua kiasi kinachoyeyuka. Maji safi ya Dar yatakuwa na takriban maikromoli 210 za oksijeni kwa lita, ya Nairobi takriban 170. Chumvi za bafa hupunguza zaidi kidogo.

Anayeingiza namba ya usawa wa bahari akiwa Nairobi atapandisha kasi zake zote kwa zaidi ya asilimia 20. Soma baromita kila siku ya kipimo. Pima pia chumba chenye bafa tupu, kwani elektrodi yenyewe hutumia oksijeni kidogo.

Uwiano wa udhibiti wa upumuaji unaniambia nini?

Uwiano huu hupatikana kwa kugawa kasi ya hali ya 3 kwa ile ya hali ya 4. Ukiwa mkubwa, mitokondria zimefungamanisha vizuri upumuaji na utengenezaji wa ATP. Hata hivyo hubadilika kwa malighafi: saksineti huwa na uwiano mdogo kuliko piruveti na maleti hata kwenye mitokondria bora. Pia hali ya 4 inaweza kuongezwa na vimeng'enya vinavyovunja ATP na kurudisha ADP. Kutia oligomaisini huondoa shaka hiyo. Toa uwiano pamoja na kasi zote mbili, usiutoe peke yake.

Matokeo niyaandike kwa vipimo gani?

Kwa seli, pikomoli za oksijeni kwa sekunde kwa kila seli milioni moja. Kwa mitokondria zilizotengwa, kwa kila miligramu ya protini. Sema wazi kama unahesabu molekuli za oksijeni au atomu zake, kwani makala nyingi za zamani zilihesabu atomu, na tofauti ni mara mbili.

Kasi ikishuka kwa kila seli, bado hujui kama mitokondria zimepungua idadi au zimedhoofika. Gawanya pia kwa kiashiria cha wingi wake, kama utendaji wa saitreti sinthesi. Upungufu ukitoweka baada ya hapo, idadi ndiyo iliyopungua.

Kipimo hiki kina faida gani kwa afya ya watu wetu?

Stavudini ni ushahidi. Dawa hii ilitumika sana Afrika Mashariki kutibu VVU, nayo iliwaletea wagonjwa wengi ganzi na maumivu ya miguu, kukonda kwa mashavu na mikono, na wengine asidi ya laktiki kuzidi mwilini. Huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, na bila DNA hiyo sehemu za mnyororo wa elektroni hazitengenezwi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache hatua kwa hatua.

Somo la kimbinu ni kubwa. Madhara ya namna hii hayaonekani kwa dakika chache ndani ya chumba cha kipimo. Seli lazima zikae na dawa kwa siku kadhaa ndipo upungufu ujitokeze. Anayepima haraka ataitangaza dawa kuwa salama.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka kazi yako kwa msimamizi au kwenye jarida, hakikisha umeandika halijoto, shinikizo la hewa, bafa, malighafi, mfuatano wa kemikali na dozi zake, jina la kila hali, namna ulivyoondoa ROX, na ulichogawanyia matokeo. Mwenzako wa Kampala, Morogoro au Innsbruck akishindwa kurudia jaribio lako kwa kusoma maandishi yako tu, kazi hiyo haijakamilika.