Nyama Tunayoidharau na Nyama Tuliyokatazwa

Somo kwa wakulima wa skimu za makazi, Tseikuru na sehemu zote kavu za Ukambani



Kila kabila lina nyama linayoipenda na nyama linayoikataa. Ukimwuliza mtu sababu, mara nyingi atakujibu, "Sisi hatuli hiyo," na maneno yamekwisha. Lakini wewe uliyepata shamba katika skimu una majirani wa koo nyingi na dini nyingi, na mvua hukosekana mara kwa mara. Yakufaa ujue ni desturi gani yenye sababu, ni ipi ya mazoea tu, na ni jambo gani limekatazwa na sheria hata kama desturi yaliruhusu. Somo hili lahusu nyama za porini, ambazo nyingi hazina mafuta, na nyama za kufugwa zinazoweza kushika mahali pake.

Desturi zilitoka wapi?

Hapo zamani Wakamba walisifiwa mbali kwa uta na mshale wa sumu. Kwao kuwinda ilikuwa kazi ya heshima, na nyama ya choroa, pofu au digidigi ilikuwa chakula cha kweli. Hata hivyo si kila mtu alikula kila mnyama. Koo nyingine zilikuwa na mnyama wao wasiyemgusa, na mtoto alifundishwa jambo hilo mapema.

Jirani zetu walikuwa na mawazo mengine. Wakikuyu wa zamani hawakula nyama ya porini. Wamaasai waliwaita wawindaji Torobo, maana yake watu maskini wasio na ng'ombe. Kwao kula nyama ya porini ilikuwa alama ya umaskini. Basi nyama ile ile ilimpa mtu mmoja sifa na mwingine aibu.

Usidhani mambo haya ni ya Afrika peke yake. Wafaransa hula nyama ya farasi, lakini Mwingereza huchukizwa nayo. Kule Australia, kangaruu ana nyama nyekundu yenye mafuta machache sana, karibu sehemu 2 katika 100. Lakini Waaustralia wengi waliiona kuwa ni chakula cha mbwa, na katika majimbo kadhaa haikuruhusiwa kuuzwa kwa watu mpaka mwaka 1993. Nyama haikubadilika. Yaliyobadilika ni mawazo ya watu na sheria zao.

Habari ya Makueni

Wakulima wa skimu wana sababu yao ya kuijua historia ya wanyama. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwapa watu mashamba Makueni, pori lilikuwa na mbung'o na vifaru wengi. Mwindaji J. A. Hunter aliajiriwa kuwaondoa. Tangu Agosti 1944 hata Oktoba 1946 aliua vifaru 996.

Leo hatuwezi kuwarudisha vifaru wale. Fikiri tu: wanyama walioishi mahali pale kwa miaka isiyohesabika waliondolewa katika miaka miwili na kidogo. Mnyama wa porini si ghala lisilokwisha.

Hesabu ya digidigi

Ripoti moja iliyotolewa mwaka 2000 juu ya nyama ya porini katika Afrika ya Mashariki na Kusini ilitaja wilaya ya Kitui. Nyumba 8 katika kila 10 zilizochunguzwa zilikula nyama hiyo, na wastani ulikuwa kilo 14 hivi kwa mwezi kwa kila nyumba. Wengi hawakuwa wakila kwa anasa. Nyama ya bucha ilikuwa ghali, na tanzi la waya ni rahisi.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Digidigi mzima ana uzito wa kilo 5 hivi. Ukitoa ngozi, kichwa, matumbo na mifupa, tuseme hubaki kilo 2 na nusu za nyama. Nyumba inayotaka kilo 14 kwa mwezi itahitaji digidigi 5 au 6 kila mwezi, yaani zaidi ya 60 kwa mwaka. Hiyo ni nyumba moja tu.

Digidigi hukaa wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao. Jike huchukua mimba karibu miezi 6, na huzaa mtoto mmoja. Hata mwaka ukiwa mzuri, hazai zaidi ya mara mbili. Mtu awamulikaye usiku kwa tochi huwamaliza upesi kuliko wanavyoweza kuzaa. Ndiyo maana mwindaji huenda mbali zaidi kila mwaka, na arudipo mkoba ni mwepesi.

Sheria yasemaje?

Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikakataza biashara ya pembe, ngozi na vitu vingine vya wanyama pori. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilikaza zaidi. Ilipotungwa, iliandika kwamba mtu akipatikana akiwinda kwa ajili ya kuuza nyama, au akiwa na nyama ya porini, atatozwa faini isiyopungua Sh. 200,000, au atafungwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja, au yote mawili. Hata awindaye kwa chakula chake tu ana kosa.

Linganisha. Tuseme mtu anauza mbuzi wake kwa Sh. 6,000. Faini hiyo ingemla mbuzi zaidi ya 30. Na akifungwa mwaka mzima, nani atalima shamba mvua za Novemba zikija? Kwa hiyo usikubali kudanganywa na mtu asemaye, "Babu zetu walikula, nasi tutakula." Babu zetu hawakuishi chini ya sheria hii, wala hawakuwa wengi kama sisi.

Kwetu Tseikuru jambo hili li karibu sana. Hifadhi ya Mwingi iko upande wetu, na Kora imepakana nayo. Wanyama hawaoni mpaka. Wakiingia shambani na kuharibu mazao, usitege waya. Toa habari upesi kwa askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS, au kwa chifu, na uache alama za uharibifu zionekane. Sheria hiyo hiyo inaeleza juu ya malipo ya hasara, lakini haimlipi mtu asiyetoa habari.

Hatari kwa afya

Nyama ya porini haikupimwa na afisa wa mifugo. Zipo hatari tatu za kukumbuka.

Ya kwanza ni kimeta. Mnyama aliyekutwa amekufa, hasa akitoka damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, usimpasue wala usimchune. Mbegu za ugonjwa huu ni ngumu, na chungu cha nyumbani hakiaminiki kuziua. Iwe ni ng'ombe wako au mnyama wa porini, mwite afisa wa mifugo.

Ya pili ni minyoo. Mwaka 1961 madaktari waliandika habari za vijana wa upande wa Mlima Kenya waliokula nyama ya nguruwe mwitu isiyoiva vema. Walishikwa na ugonjwa wa minyoo midogo inayoingia ndani ya misuli.

Ya tatu ni udanganyifu. Mwaka 2004 nyama zilizonunuliwa katika bucha za Nairobi zilichunguzwa, na nyingine zikaonekana kuwa za porini, ingawa wanunuzi waliambiwa ni za ng'ombe au mbuzi. Nunua nyama iliyopigwa muhuri.

Je, nyama isiyo na mafuta ni nyama duni?

Wazee wengi huona nyama isiyo na mafuta kuwa ni ya njaa. Mbuzi akichinjwa, macho hutazama kwanza mafuta. Wana sababu: mtu alimaye kutwa na kula muthokoi mkavu huhitaji mafuta.

Tena yapo mafundisho kutoka nchi za baridi. Huko kaskazini mwa Kanada ilijulikana kwamba mtu akila sungura mwitu peke yake kwa siku nyingi, bila mafuta wala chakula kingine, huharisha na kudhoofika, ingawa tumbo limejaa. Mwili hauwezi kuendeshwa na nyama tupu.

Lakini mtu wa Tseikuru hali nyama tupu. Anao muthokoi, uji wa mtama au wimbi, kunde na ndengu. Nyama kidogo isiyo na mafuta ikipikwa pamoja na vyakula hivyo na kijiko cha mafuta, ni chakula bora cha kujenga mwili, hasa kwa watoto na mama wenye mimba. Wala usiichome juu ya moto mkali mpaka ikauke kama ngozi. Ipike polepole, chungu kikiwa kimefunikwa, na maji kidogo, kitunguu na nyanya. Hapo italainika.

Sungura na kanga wa nyumbani

Nyama ya namna hii yaweza kupatikana bila kuvunja sheria. Sungura wa kufugwa hahitaji kibali cha KWS. Shida yake ni dharau. Watu wazima husema huyo ni mchezo wa watoto, hawezi kuwekwa mbele ya mgeni. Lakini Ufaransa na Italia sungura ni kitoweo cha heshima.

Jike la sungura huchukua mimba siku 31 tu. Ukiwa na majike 3 na dume 1, na kila jike likizaa mara 4 kwa mwaka na kukuza watoto 5 kila mara, utapata sungura 60. Kila mmoja akitoa kilo moja ya nyama, ni kilo 5 kwa mwezi. Hazifikii zile kilo 14, lakini ni halali, na kuku na mbuzi watasaidia kujaza pengo.

Angalia joto letu. Sungura huumia jua likiwa kali, na dume hushindwa kuzalisha. Weka banda chini ya mti wenye kivuli, lililoinuliwa kutoka chini, lenye hewa, na maji safi kutwa. Safisha mavi kila siku, maana ugonjwa wa kuharisha huua watoto wengi. Wape nyasi na majani ya viazi vitamu au kunde yaliyonyauka kidogo, si yenye umande.

Kanga hustahimili joto kuliko sungura. Lakini yeye ni ndege wa porini kwa sheria, nawe wahitaji kibali cha KWS kabla ya kumfuga. Usiokote mayai porini. Ukipata mayai kwa mfugaji mwenye kibali, yaweke chini ya kuku anayeatamia. Huanguliwa baada ya siku 26 hadi 28. Vifaranga wakinyeshewa hufa, basi wafungie mpaka wakue.

Heshimu dini ya jirani

Ukimpikia mgeni, mwambie ni nyama gani. Wasabato hawali sungura, kwa kufuata Kitabu cha Mambo ya Walawi. Kwa Waislamu wengi sungura ni halali, lakini sharti achinjwe na Mwislamu kwa njia yao. Kuacha chakula kwa ajili ya dini ni haki ya mtu. Bali kuacha chakula kizuri kwa kuogopa kuchekwa tu, na watoto wakilala na njaa, si jambo la busara.

Mambo ya kukumbuka

1. Nyama ya porini imekatazwa, ya kula na ya kuuza.
2. Usile mnyama aliyekufa mwenyewe. Mwite afisa wa mifugo.
3. Nyama isiyo na mafuta ni nzuri ikiliwa pamoja na nafaka, kunde na mafuta kidogo.
4. Anza na sungura wachache, kivulini. Kwa kanga, tafuta kibali kwanza.
5. Ng'oa kila tanzi la waya utakaloliona shambani mwako. Laweza kumnasa mbuzi wako.

Maswali ya kuzungumza barazani

Katika kijiji chenu, ni nyama gani watu hawaili? Ni kwa ajili ya ukoo, dini, afya, au kuogopa kuchekwa? Ukame ukija tena, nyumba yako itapata kitoweo wapi bila kwenda porini? Anzeni kulijibu swali hili la mwisho sasa, wakati majani yangalipo.