Kushusha Sukari Si Kutibu Kisukari

Katika nyanda za juu zenye mvua, kama zile za Munanila mkoani Kigoma, huota mmea utambaao wenye majani ya umbo la moyo, ambayo yakisuguliwa hutoa harufu mbaya. Wataalamu huuita *Momordica foetida*, nao ni ndugu wa karela. Watu wa sehemu nyingi za Afrika huutumia kama dawa.

Mwaka 1977 ilichapishwa taarifa ya jaribio la foetidini, dutu iliyotolewa katika mmea huo. Panya weupe wenye afya, waliofungishwa kula, walipopewa dutu hiyo, sukari ya damu yao ilishuka. Panya wenye kisukari hawakuonyesha badiliko la kutegemewa. Tukumbuke kwamba kongosho la mwenye afya hutoa insulini ya kutosha. La mgonjwa laweza kuwa limeharibika. Basi lililo kweli kwa mzima huenda lisiwe kweli kwa mgonjwa.

Hata hivyo, mimea yaweza kutufikisha kwenye dawa. Mmea wa Ulaya, *Galega officinalis*, una galegini, dutu ishushayo sukari lakini yenye sumu. Metformini, iliyo ya jamii hiyo ya kemikali, iliundwa mwaka 1922. Matumizi yake kwa wagonjwa yalitangazwa Ufaransa mwaka 1957. Leo hutumika duniani kote.

Kwa hiyo mgonjwa asiache insulini kwa kutegemea majani ambayo hayajapimwa.

Zoezi: Kwa nini jaribio kama hili huhitaji pia panya wasiopewa dutu yoyote?