Nchi imejaa watu, ANC imepungukiwa kura

Uchaguzi wa Afrika Kusini wa Mei 29, 2024 uliishusha ANC hadi asilimia 40.18 ya kura, kutoka asilimia 57.5 ya mwaka 2019. Chama kilichokuwa na wingi bungeni tangu 1994 kilibaki na viti 159 kati ya 400, kikalazimika kuunda serikali pamoja na DA, hasimu wake wa miaka mingi. Maelezo yaliyosambaa haraka ni kwamba nchi imebadilika: waliopigania uhuru wanazeeka na kufa, waliozaliwa baada ya ubaguzi wa rangi wanaongezeka, basi chama cha wazee kinaondoka na wazee wake. Maelezo hayo yana ukweli, ila ukweli wenyewe haukukaa pale wengi wanapoutafuta.

Je, idadi ya watu imeigeuka ANC?

Kwa kipimo kilichozoeleka Afrika Kusini, yaani rangi, jibu ni hapana. Sensa ya 1996 ilihesabu watu milioni 40.6, na karibu asilimia 77 kati yao walikuwa Waafrika weusi, wapiga kura ambao ANC imewategemea tangu mwanzo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 62, na Waafrika weusi walikuwa wamefika asilimia 81. Wazungu walishuka kutoka asilimia 11 hivi hadi asilimia 7. Mtabiri aliyekaa na karatasi na kalamu mwaka 1996, akaamini kwamba kila kundi litaendelea kupiga kura kama lilivyopiga 1994, angetangaza kwamba ANC haitashindwa kamwe. Kwa muda matokeo yalimpa haki: asilimia 62.65 mwaka 1994, 66.35 mwaka 1999, 69.69 mwaka 2004. Kisha mteremko ukaanza: 65.9, 62.15, 57.5, na sasa 40.18. Katika miaka hiyohiyo DA, ambayo ngome yake ni Wazungu, Wahindi na watu wa asili mchanganyiko, imebaki na zaidi ya asilimia 20 ya kura kwa chaguzi tatu mfululizo. Kundi kuu la chama kimoja likakua na kura zake zikapungua. Kundi la kingine likasinyaa na sehemu yake ya kura ikabaki palepale. Anayesoma siasa kwa kuhesabu makabila au rangi, huko au kwetu, ana jambo la kujibu hapo.

Basi kura zilikwenda wapi?

Nyingi hazikwenda popote. Mwaka 1994 kura halali zilikuwa milioni 19.5, na ANC ilipata milioni 12.2. Mwaka 2024, nchi ikiwa na watu milioni 20 zaidi, kura halali zilikuwa milioni 16.1 na za ANC milioni 6.5. Mtu anaweza kusema 1994 haifai kuwa kipimo: ulikuwa uchaguzi wa kwanza huru, hapakuwa na daftari la wapiga kura, na hamasa ile haitarudi. Sawa, tuiache. Tuchukue 2009, uchaguzi wa kawaida kabisa, ambapo ANC ilipata kura milioni 11.65. Miaka 15 baadaye imepoteza zaidi ya milioni 5.

Sasa tazama wapinzani kati ya 2019 na 2024. DA ilipanda kwa asilimia moja hivi, lakini idadi ya kura zake ilipungua, kutoka milioni 3.6 hadi milioni 3.5. EFF ya Julius Malema, iliyojitangaza kuwa chama cha vijana wenye hasira, ilishuka kutoka asilimia 10.8 hadi 9.5, na kwa idadi ya kura ilishuka pia. Kama vijana wangekuwa wanahama kutoka ANC kwenda kwa wapinzani wa siku zote, nyayo zao zingeonekana hapo. Zinaonekana kwingine: waliojitokeza kati ya waliojiandikisha walikuwa asilimia 77 mwaka 2009, 73 mwaka 2014, 66 mwaka 2019 na chini ya 59 mwaka 2024. Na hao ni wale waliojiandikisha. Daftari la 2024 lilikuwa na majina milioni 27.8 katika nchi yenye zaidi ya watu wazima milioni 40.

Kwa nini kijana asiyeipenda ANC akae nyumbani badala ya kuipigia DA au EFF?

Kwa sababu uaminifu wa kichama na uadui wa kichama vinarithiwa kwa njia tofauti. Mama aliyenyimwa kura hadi akiwa na miaka 40, akapata nyumba ya serikali, umeme na maji ya bomba baada ya 1994, ana kipimo cha kulinganishia. Anajua giza la zamani lilikuwaje, kwa hiyo mgawo wa umeme wa 2023, uliokuwa mbaya kuliko wa miaka yote iliyotangulia, anaupima dhidi ya giza lile. Mwanawe alizaliwa taa ikiwaka. Kwake taa ni ya kawaida, na kinachohitaji maelezo ni kwa nini imezimika. Sifa ya ukombozi haimfikii, ila kumbukumbu ya nani aliwatesa wazazi wake inamfikia vizuri, ndiyo maana DA nayo inabaki mbali naye. Amerithi sababu za kuwakataa wengine bila kurithi sababu ya kuipenda ANC. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka Mazimbu, ambako wakimbizi wa ANC walijenga shule pale Morogoro, anaweza kushangaa jina la chama kile linavyoweza kukosa uzito Soweto. Kwa aliyezaliwa 2002 Mazimbu ni historia ya mbali kama ilivyo Vita vya Majimaji kwa kijana wa Songea.

Kuna pia suala la njia ambazo kwazo chama kilimfikia mtu. ANC haikushinda kwa mabango. Ilikuwa na matawi, vyama vya wafanyakazi vya COSATU, makanisa, kamati za mitaa, misiba. Kijana asiye na kazi hayumo katika chama cha wafanyakazi, na Afrika Kusini kiwango cha ukosefu wa ajira kwa walio chini ya miaka 35 ni kama asilimia 45. COSATU yenyewe ilidhoofika pale ilipowafukuza wafanyakazi wa vyuma wa NUMSA mwaka 2014. Kwa hiyo hata kijana ambaye angeshawishika hana wa kumgongea mlango. Matokeo yake yameandikwa katika daftari: mwaka 2019, chini ya asilimia 20 ya wenye umri wa miaka 18 na 19 walikuwa wamejiandikisha, ilhali wazee wa nchi hiyohiyo wameandikishwa karibu wote.

Lakini vijana wa kila nchi ni wavivu wa kupiga kura. Wakikomaa, si watarudi?

Pingamizi hili ndilo viongozi wa chama hulipenda, kwa kuwa halimdai mtu afanye lolote. Lina msingi: mtu akipata watoto na makazi ya kudumu, mara nyingi huanza kujali diwani wake ni nani. Lakini aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2009 alikuwa na miaka 35 mwaka 2024. Kama umri peke yake ungetosha kumpeleka kituoni, kizazi chake kingeinua idadi ya waliojitokeza, au walau kuizuia isiporomoke. Iliporomoka. Tabia ya kutopiga kura iliyoanza mapema imezeeka pamoja na wenyewe.

Hata hivyo takwimu hizi zinawabana pia wanaolaumu kizazi kipya kwa kila kitu. Daftari limejaa watu wa makamo na wazee, na bado wanne kati ya kila kumi waliomo humo walibaki nyumbani. Mabadiliko ya vizazi yanaeleza vizuri kwa nini wapya hawaingii. Hayaelezi kwa nini waliokuwemo wanatoka; hapo lazima tuzungumze rushwa, manispaa zilizofilisika na uchumi usiokua, mambo ambayo kila mwananchi ameyaona bila kujali mwaka wake wa kuzaliwa.

Kuhamia mijini kumefanya nini?

Pengine kumefanya zaidi kuliko umri, na kunazungumzwa kidogo mno. Gauteng, jimbo dogo kuliko yote kwa eneo, sasa ndilo lenye watu wengi kuliko yote, milioni 15 kwa sensa ya 2022. Wengi wametoka Limpopo na Eastern Cape, ngome kongwe za ANC. Mwaka 2004 chama kilipata asilimia 68 ya kura za jimbo la Gauteng; 2014 kikapata 53.6, 2019 kikaponea kwa 50.2, na 2024 kikaanguka hadi asilimia 35 hivi. Wakati huohuo Limpopo kiliendelea kupata zaidi ya asilimia 70 na Eastern Cape zaidi ya 60. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amebaki kijijini na mwingine amehamia Tembisa, huko Gauteng, wanaiona serikali mbili tofauti. Wa kijijini anaijua kwa pensheni ya mzee na ruzuku ya mtoto, malipo yanayofika kila mwezi. Wa mjini anaijua kwa bomba lililokauka, barabara yenye mashimo na foleni ya kuombea kazi. Unaweza kusema wanaohama ni wadogo kwa umri na wamesoma zaidi, kwa hiyo mji haukuwabadilisha, walikuwa hivyo tangu walipotoka. Huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini kwa chama matokeo ni yaleyale: kinaendelea kushinda sana pale ambapo watu wanahama, na kinashindwa pale wanapofikia. Dalili zilionekana mapema. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2016 uliiondolea ANC udhibiti wa Johannesburg, Tshwane na Nelson Mandela Bay.

Haya yote si kelele tu? Jacob Zuma aligawa chama, basi.

Hili ni pingamizi zito. Zuma, rais wa zamani wa nchi na wa ANC, alitangaza Desemba 2023 kwamba angeunga mkono chama kipya cha MK, na baada ya miezi mitano hivi chama hicho kikapata asilimia 14.6 ya kura za taifa na asilimia 45 katika KwaZulu-Natal. Humo ANC iliporomoka kutoka asilimia 54 hadi 17. Hakuna jimbo ambalo watu wake hubadilika kiasi hicho kwa miaka mitano. Huo ulikuwa mgawanyiko wa wakubwa, uliochochewa na uaminifu wa Wazulu wengi kwa mtu wao, na anayeuita mabadiliko ya idadi ya watu anajidanganya.

Lakini piga hesabu. Kati ya 2019 na 2024 ANC ilipoteza kura milioni 3.57. MK ilipata milioni 2.34 nchi nzima. Hata tukikubali jambo lisilowezekana, kwamba kila kura ya MK ilitoka ANC na hakuna hata moja iliyotoka EFF au chama cha IFP, bado zinabaki kura zaidi ya milioni 1.2 zisizo na Zuma wa kulaumiwa. Na bila MK, ANC huenda ingebaki karibu na nusu, ikiendelea kushuka kwa mwendo uleule wa tangu 2004. Zuma aliuharakisha tu mteremko huo.

Vyama tawala vya Afrika Mashariki vijifunze nini hapa?

Kwanza, vitazame kanuni ya uchaguzi kabla ya kutazama vijana. Afrika Kusini hugawa viti kwa uwiano wa kura, kwa hiyo asilimia 40 ya kura ni asilimia 40 ya viti, na mwanguko unapunguzwa makali. Tanzania, Kenya na Uganda humchagua mbunge wa jimbo kwa kura nyingi tu. Chini ya kanuni hiyo chama kikubwa huweza kupoteza wapiga kura kwa miaka mingi bila kupoteza viti, kisha kikaanguka ghafla. Botswana ilionyesha hayo Oktoba 2024: BDP, iliyotawala tangu uhuru wa 1966, ilipata takriban asilimia 30 ya kura na viti 4 tu kati ya 61, ilhali chama cha upinzani cha BCP, chenye kura chache kuliko zake, kilipata 15. Kwa hiyo wabunge wengi bungeni leo hawathibitishi kwamba kizazi kipya kinakikubali chama. Kenya ina ugumu wake: vyama huzaliwa na kufa na wagombea, kwa hiyo hapana uaminifu wa kichama wa kurithi kama ule wa ANC, na vijana wasiojiandikisha huko ni hasara kwa yeyote atakayekuwa na tiketi mwaka huo.

ANC inaweza kujinusuru?

Inaweza kupunguza kasi. Mwaka 2029 hatakuwepo mpiga kura wa chini ya miaka 35 aliyekuwa hai siku Mandela alipopiga kura yake ya kwanza, kwa hiyo kampeni ya kumbukumbu itakuwa inawahutubia watu wanaopungua kila mwaka. Serikali ya pamoja na DA inaweza kuisaidia iwapo maji na kazi vitaonekana Gauteng, na kuidhuru iwapo wazee wa Eastern Cape wataona wamesalitiwa. Mimi nisingepima mwelekeo kwa kura za maoni. Ningetazama siku za kujiandikisha kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, katika vitongoji vya Johannesburg na Ekurhuleni, nione ni wangapi walio chini ya miaka 30 wanaoingia katika daftari. Mwaka 2021 uchaguzi wa aina hiyo uliwaleta vituoni chini ya nusu ya waliojiandikisha, na ANC ikashuka chini ya asilimia 50 ya kura za nchi nzima kwa mara ya kwanza, miaka miwili kabla Zuma hajatangaza lolote.