MISHIPI IKISHIKANA, SAMAKI HUPONA

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii nimeiandikia insha mara nyingi, na alama nilipata. Lakini maana yake niliielewa siku moja tu, ndani ya matatu, baina ya Kitale na Webuye.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mimi na binamu yangu tulitoka Kitale kwenda kwa Mjomba, kule Sang'alo, Bungoma, ili tukavue kambare katika mto Nzoia. Tulibeba mianzi minne ya kuvulia. Kila mwanzi ulikuwa umeshafungwa mshipi na ndoana yake, maana hatukutaka kupoteza wakati mtoni tukihangaika na mafundo. Mishipi tuliizungusha ovyo ovyo kwenye mianzi, tukaifunga yote kwa kamba moja, tukaingia nayo ndani ya gari. Makanga alinung'unika lakini alituruhusu.

Kiminini tulipita salama. Tulipokaribia Kamukuywa gari likaruka tuta, na mara mama mmoja aliyeketi mbele yetu akapiga ukemi. Ndoana moja ilikuwa imechomoka na kunasa kwenye shali aliyombebea mtoto. Mimi kwa haraka zangu nikavuta mshipi, kumbe ndiyo naizidisha! Ndoana ikazama zaidi kwenye shali, vidole viwili hivi kutoka kwa shavu la mtoto. Makanga akanishika mkono, akaukata mshipi kwa wembe. Yule mama aliichomoa ndoana polepole, akanirudishia mkononi, akasema, "Mwanangu, hii kitu ingeingia kwa jicho la mtoto, ungeniambia nini?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Tulifika kwa Mjomba saa nne asubuhi. Mishipi mitatu iliyobaki ilikuwa imeshikana kama nywele zisizochanwa mwezi mzima. Tulikaa chini ya mwembe tukifungua mafundo mpaka saa tisa, na mwishowe nusu ya uzi tukaukata na kuutupa. Siku hiyo kambare wa Nzoia walikula na kulala salama. Jioni Mjomba alitufundisha haya ninayowaandikia.

MAJINA KWANZA

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, tuanze na msamiati. Wengi wetu tukisikia "mshipi" tunafikiria ule wa kufunga suruali. Kwa mvuvi, mshipi ni uzi wa kuvulia, na siku hizi aghalabu huwa wa nailoni. Ndoana, ambayo wengine huiita ndoano, ni kile chuma kilichopindwa, chenye ncha kali na kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Chubwi ni kipande cha risasi kinachozamisha mshipi. Boya ni kile kinachoelea na kutuonyesha kwamba samaki ameuma. Sisi hulikata kutoka kwa patipati kuukuu. Chambo ni chakula cha kumtega samaki, kwa mfano nyungunyungu. Mvuvi akishavifunga vyote hivi kwenye mwanzi, mwanzi huo u tayari kuvua, na ndipo taabu ya kuusafirisha huanza.

KWA NINI MISHIPI HUSHIKANA?

Wengi husema mshipi "umejifunga wenyewe", kana kwamba una akili. Si kweli. Mjomba alisema mshipi una maadui watatu: ulegevu, ncha iliyo huru, na mtikisiko. Wakikutana hawa watatu, fundo haliepukiki.

Niliporudi shuleni niligundua kwamba Mjomba na wanasayansi wanakubaliana. Mwaka wa 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walitia uzi ndani ya kisanduku, wakakizungusha, kisha wakatazama kama umejifunga. Walirudia zaidi ya mara 3,000. Waliona kwamba fundo huweza kutokea kwa muda wa sekunde chache tu, kwa sababu ncha iliyo huru hupenya katikati ya mikunjo iliyolegea, juu na chini, kama mtu anayesuka mkeka. Uzi mfupi sana, usiofika nusu mita, haukujifunga. Uzi uliobanwa kwenye nafasi ndogo nao ulijifunga kwa nadra.

Sasa hebu fikiria mshipi wa mita tatu, umelegea, ncha inaning'inia, na matatu inaruka matuta kutoka Kitale hadi Bungoma. Tungetarajia nini? Barabara hatuwezi kuituliza. Lakini ulegevu tunaweza kuuondoa, na ncha tunaweza kuishika. Hilo ndilo somo zima. Yaliyobaki ni namna ya kulitenda.

KUFUNGA MWANZI MMOJA

1. Ondoa chambo chote, kisha pangusa ndoana na mshipi kwa kitambaa kikavu. Ndoana yenye maji hushika kutu, na chambo kikibaki huvuta panya.

2. Tafuta kibao chembamba, urefu wa kiganja. Kikate pengo kila upande, juu na chini. Gundi au funga kipande cha patipati juu yake, halafu chomeka ncha ya ndoana humo mpaka kile kijino kifichike. Hapo adui wa pili, yaani ncha huru, ameshashikwa.

3. Anza kukunja mshipi kwenye kibao kutoka upande wa ndoana kuelekea kwenye kilele cha mwanzi. Usizungushe duara moja kwa moja. Kunja kwa mtindo wa tarakimu 8, ukipishanisha kulia na kushoto. Sababu yake ni hii: ukizungusha upande mmoja tu, kisha siku ya kuvua uyatoe mazunguko yote kwa kuyavuta kupitia mwisho wa kibao, kila zunguko huuacha mshipi umesokotwa mara moja. Mazunguko 20 ni misokoto 20, na mshipi uliosokotwa hujikunja wenyewe ukilegea. Katika tarakimu 8, msokoto wa kulia hufutwa na wa kushoto.

4. Acha kukunja pindi sehemu ya mshipi iliyobaki inapotosha kutoka kwenye kilele cha mwanzi hadi karibu na mahali pa kushikia.

5. Laza kibao kwenye mwanzi, ukifunge kwa mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli. Uvute mpira huo kidogo ili mshipi ukazike, lakini mwanzi usipinde. Mpira hunyumbuka, kwa hivyo hata gari likitikisika mshipi haupati nafasi ya kulegea. Adui wa kwanza ameshindwa.

6. Vika sehemu yenye kibao soksi ndefu kuukuu ya shule, uifunge juu na chini. Kuanzia hapo ndoana haimwoni mtu, wala mtu haioni ndoana.

Wenye fimbo za dukani, zile za vipande viwili zenye gurudumu la mshipi, kazi yao ni rahisi zaidi. Fimbo za namna hiyo ndizo hutumiwa na wavuao trauti, samaki walioletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na ambao huishi katika mito baridi ya milimani, hata kule Mlima Elgon. Mwenye fimbo hiyo aitenganishe, alaze vipande sambamba bila kuutoa mshipi kwenye pete zake, avifunge pamoja mahali pawili, kisha azungushe gurudumu mpaka mshipi ukazike. Ndoana asiitundike ndani ya pete za kupitishia mshipi, maana huzikwaruza, na pete yenye mkwaruzo hukata uzi.

MIANZI MINGI SAFARINI

Kosa letu kubwa lilikuwa kufunga mianzi minne kabla ya kufunga kila mmoja peke yake. Kila mwanzi ujitegemee kwanza. Baada ya hapo ipishanishe, mmoja kichwa juu na wa pili kichwa chini, ili vibao visikutane. Viringisha gunia juu yake, ufunge mahali patatu: mwanzo, kati na mwisho.

Kwenye matatu, mzigo huu uwekwe juu ya paa, umelala kwa urefu wa gari na kufungwa imara. Usiingie nao ndani kati ya abiria, hata makanga akikuruhusu. Kwenye pikipiki usiulaze mianzi kwa upana. Ni heri utembee.

Na ikitokea bahati mbaya ndoana ikamwingia mtu, usiivute nilivyovuta mimi. Kijino kitachana nyama. Kata mshipi, iache ndoana ilipo, mpeleke mtu huyo hospitali.

KUHIFADHI NYUMBANI

Mianzi isiegemezwe ukutani miezi na miezi, kwani hupinda. Ilaze juu ya vigingi viwili au vitatu chini ya paa, mahali pakavu na penye hewa. Isiwe karibu na jiko, na isianikwe juani kutwa nzima, kwa sababu joto na jua hudhoofisha nailoni. Kabla ya kwenda mtoni tena, pitisha mshipi kati ya vidole viwili. Ukihisi mkwaruzo au fundo, kata sehemu hiyo. Fundo lililokazika hupunguza nguvu ya uzi, na kambare mkubwa hatakuonea huruma.

TAMATI

Tulirudi Kitale juma lililofuata kwa njia ile ile na mianzi ile ile, safari hii ikiwa juu ya paa ndani ya gunia. Nilipofungua mzigo nyumbani, mishipi yote ilinyooka bila fundo hata moja. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilikuwa na kovu. Kumfunga ndoana kwenye kipande cha patipati kulinichukua muda usiozidi dakika moja. Dakika hiyo ndiyo niliyomnyima yule mtoto wa Kamukuywa.

ZOEZI

1. Taja maadui watatu wa mshipi. Ni yupi tusiyeweza kumwondoa safarini?
2. Chukua kamba ya kiatu, izungushe kwenye kalamu mara 10, kisha ivute itoke kupitia mwisho wa kalamu. Umeona nini? Rudia kwa tarakimu 8 kwenye vidole viwili.
3. Tunga sentensi mbili zinazotofautisha maana mbili za neno "mshipi".