Wanangu wananipangia kisu, mimi sijaulizwa

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri miaka 77, naishi Nyamira na mke wangu. Miezi michache iliyopita obokima (ugali) ulianza kunikwama kifuani. Nilidhani ni vidonda vya tumbo, nikawa nanunua dawa dukani. Sasa hata ndizi iliyopondwa haipiti. Naishi kwa uji na maziwa, na mshipi wangu nimeutoboa matundu mawili mapya. Kisii walinishusha kamera kooni, wakakata kinyama, majibu yakaja kwamba ni saratani ya umio. Baada ya picha ya CT daktari alisema haionekani kuenea, na kwamba naweza kupewa kemo na mionzi, kisha nipasuliwe. Kifungua mimba wangu aliye Nairobi ameshapata mnunuzi wa robo ekari ya majani chai. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, anasema mzee wa umri wangu hatoki kwenye chumba cha upasuaji. Ndugu yangu anataka nipelekwe kwa mganga wa mitishamba. Wanabishana kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho mimi simo. Mimi ni Msabato, sijaonja pombe wala sigara. Kisu nakiogopa. Lakini naogopa pia kwamba nikikataa nitakuwa nimejiua. Nifanyeje? – Mwalimu, Nyamira

JIBU: Mwalimu, pokea heshima na pole zangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama pale uliposema wanao wanaujadili mwili wako mahali ambapo wewe humo. Nitafika huko. Acha nianze na yale matundu mawili ya mshipi.

Wanao wanabishana kuhusu operesheni ya miezi ijayo, na wewe unanyauka wiki hii. Mwili uliokosa chakula hauhimili kemo wala mionzi, na kidonda cha mtu mwenye njaa hakifungi. Kwa hiyo rudi hospitalini sasa, na hoja yako ya kwanza iwe kula. Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni stenti, mrija wa waya unaoingizwa kupitia mdomoni na kutanuka pale palipoziba. Huna haja ya kuvuka bahari kuutafuta. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet, ukishapita Keroka na Sotik, imekuwa ikiwawekea wagonjwa mirija hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2009 madaktari wake walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet Oncology. Stenti haiponyi saratani, lakini hurudisha mlo. Baba yangu mdogo aliwekewa akiwa hawezi kumeza hata mate. Jioni moja alikula ugali laini na mchuzi mbele ya wajukuu, akalia. Aliishi miezi michache tu, lakini aliishi akila nasi mezani.

Hata hivyo, usikimbilie stenti kabla daktari wa upasuaji hajasema neno. Ikiwa upasuaji bado unafikiriwa, mrija huo unaweza kuutatiza, na madaktari huenda wakapendelea njia ya pili, yaani mrija mwembamba wa kulishia unaopitishwa kwenye ngozi ya tumbo hadi utumbo mdogo. Uliza waziwazi: “Nikiwekewa hii, je, mlango wa upasuaji umefungwa?” Huku ukisubiri, uji wa wimbi utiwe maziwa, siagi ya njugu na yai lililopikwa likaiva na kusagwa, uchujwe, unywe kidogo kidogo mara nyingi, ukiwa umeketi wima.

Sasa kisu. Naona nyote mmeufanya uamuzi huu kuwa mmoja, nao ni miwili. Daktari alikuambia kemo na mionzi, kisha upasuaji. Ukikubali ile ya kwanza hujakubali ya pili. Utaratibu huo ulipata nguvu mwaka 2012, kupitia utafiti wa Uholanzi uitwao CROSS. Wagonjwa walipewa mionzi mara 23 kwa wiki tano, pamoja na kemo mara moja kwa wiki, ndipo wakapasuliwa, na waliishi muda mrefu kuliko wenzao waliopasuliwa tu. Katika ile aina ya saratani ya umio iliyozoeleka zaidi Afrika Mashariki, karibu nusu ya waliopewa tiba hiyo walipopasuliwa hawakukutwa na chembe ya saratani iliyobaki. Nisikufiche: waliozidi miaka 75 hawakuingizwa katika utafiti ule. Kwako madaktari watapima mwili ulio mbele yao.

Jambo hilo la kukuta uvimbe umeyeyuka ndilo lililowafanya Waholanzi hao waulize kama kila mtu lazima apasuliwe. Matokeo ya utafiti wao mwingine, SANO, yalichapishwa mwaka 2025. Wale ambao vipimo vya baada ya kemo na mionzi havikuonyesha saratani waligawanywa: wengine walipasuliwa, wengine wakafuatiliwa kwa karibu na kupasuliwa tu pale ugonjwa uliporudi. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa asilimia 71 kwa kundi la kwanza na 74 kwa la pili. Kwa mzee anayeogopa kisu hiyo ni habari kubwa. Lakini kufuatiliwa kwa karibu maana yake ni kamera na picha kila baada ya miezi michache, pasipo kukosa. Na mwambie daktari wa mionzi mapema kwamba huenda usipasuliwe kamwe, maana kipimo cha mionzi hupangwa tofauti.

Binti yako usimkasirikie. Amewaona wazee wodini, na hofu yake ni ya kweli. Upasuaji huu ni mzito: hufunguliwa tumbo, mara nyingi na kifua pia, umio ukatolewa, tumbo la chakula likashonwa kama bomba na kuvutwa juu lichukue nafasi yake. Mshono huo unaweza kuvuja. Nimonia huwaandama wazee zaidi. Ukipona, utakula vijisahani vidogo mara sita kwa siku na kulala kichwa kikiwa juu, pengine maisha yako yote, na nguvu hurudi kwa miezi. Lakini binti anapokosea ni kuufanya umri kuwa hukumu. Wapo wa miaka 77 wanaopita salama, na wapo wa 60 wasiofaa kuguswa. Ukitoka mtoni na kupanda kilima hadi nyumbani, unasimama mara ngapi kuvuta pumzi? Shinikizo la damu likoje? Sukari? Kabla ya ugonjwa huu ulikuwa ukichuma chai mwenyewe? Hayo daktari wa nusukaputi atayataka kuliko cheti chako cha kuzaliwa. Na wewe muulize mpasuaji, bila kuona haya: operesheni za namna hii anafanya ngapi kwa mwaka, wangapi hawakurudi nyumbani, na kama kuna kitanda cha wagonjwa mahututi. Asiyependa kujibu, tafuta mwingine. Operesheni hii ni ya mikono iliyoizoea.

Kuhusu shamba, naomba kifungua mimba asitie saini yoyote kwanza. Nendeni dawati la SHA, bima ya afya ya serikali, hospitalini mkaelezwe kifurushi cha saratani kinalipia nini na kinaishia wapi. Kisha mpige hesabu ya yale ambayo bima haiyagusi: nauli, na wiki tano za malazi Eldoret au Nairobi, maana mionzi haitolewi kila hospitali. Huenda harambee ndogo ikatosha na majani chai yakabaki.

Ndugu yako anakupenda, lakini uvimbe huu hausubiri mitishamba. Nimepokea barua nyingi za watu waliofika hospitalini baada ya miezi kwa mganga, picha ikaonyesha ini limeshaguswa. Wewe bahati ya kuwahi mapema unayo bado. Wala usijiulize ulikosa nini. Pombe na sigara huchangia, lakini katika maeneo yetu ya Kisii, Nyamira na Bomet ugonjwa huu huwapata hata wasiovijua, wengine vijana wa chini ya miaka 30. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinachangia. Nani kati yetu hajanywa chai ikifuka moshi?

Umeniuliza kama kukataa ni kujiua. Hapana, Mwalimu. Anayejiua anatafuta kifo. Wewe ukipima na kusema, “Nitapokea mionzi, kisu sitaki,” au hata, “Nataka tu kumeza na kutulizwa maumivu nikiwa kwangu,” umechagua tiba. Inaitwa tibashufaa, ina madaktari na wauguzi wake. Mweleze mchungaji wako hivyo. Na ukichagua kisu baada ya kusikia yote, hilo nalo si kiburi cha mzee kung’ang’ania dunia.

Ushauri wangu, ukiuhitaji kwa neno moja: kula, kubali kemo na mionzi ikiwa moyo na mapafu yanaruhusu, na suala la kisu uliweke kando hadi vipimo vya baada ya hapo. Waite wanao nyumbani, simu zikiwa zimezimwa. Uanze kusema wewe. Umewafundisha watoto wa watu miaka mingi, unajua kusimamia darasa. Maswali yaandike kwenye daftari, na binti yako muuguzi aende nawe kwa daktari akiwa na kalamu.

Ila kabla ya kikao hicho, kaa na mama watoto, nyinyi wawili peke yenu. Yeye ndiye atakayechuja uji huo mara sita kwa siku na kuamka usiku kukuinua. Muulize anaogopa nini na anataka nini. Katika barua yako yote umemtaja mara moja tu.